Mzee na Mitumba: Sokoni, Dukani, kwa Mchuuzi au kwa Simu?

Mwanaume akishavuka miaka sitini, mwili wake huacha kuifuata namba iliyoandikwa kwenye lebo. Tumbo husogea mbele huku mapaja yakikonda, mabega huinama kidogo, na shingo iliyokuwa ikiijaza kola ya 16 huanza kucheza ndani yake. Suruali inayomtosha kiunoni humpwaya miguuni, na koti linalofungika tumboni humzidi mabegani. Ndiyo maana wazee wengi ninaokaa nao barazani hubaki njia panda pale wanapohitaji suruali mbili za kitambaa au koti la kuendea harusini: waende soko la Karume wakachambue wenyewe, waingie kwenye duka la mitumba iliyokwisha kuchaguliwa, wamsubiri mchuuzi anayepita mtaani, au wamwachie mjukuu aagize kwa simu?

Nimezitumia njia zote nne hapa Dar es Salaam, na kila moja imenipa nguo ninazozivaa hadi leo pamoja na nguo ambazo sikuzivaa hata mara moja. Kwa hiyo sitazilinganisha kwa bei peke yake, bali kwa mambo matano ambayo kwa mzee yana uzito.

La kwanza ni mwili: muda wa kusimama, kuinama, msongamano wa watu, na macho yanayohitaji mwanga wa kutosha. La pili ni kipimo, yaani kama kuna nafasi ya kujaribu nguo au angalau ya kuipima. La tatu ni ubora, na kama unaweza kuukagua kwa mikono yako mwenyewe. La nne ni bei kamili, ambayo inajumlisha nguo, nauli, fundi na sabuni, kwa sababu shati la shilingi elfu mbili linalohitaji kugeuzwa kola si shati la elfu mbili tena. La tano ni marejesho: nguo ikikataa, utairudisha kwa nani?

Vipimo kabla ya safari

Njia yoyote utakayoichagua, kazi huanzia nyumbani. Chukua shati, suruali na koti vinavyokukaa vizuri kuliko vyote ulivyo navyo, uvilaze kitandani, uvinyooshe kwa kiganja na kuvipima kwa futi kamba ya fundi. Kwenye shati, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha mshono wa bega hadi mshono wa bega, kisha kola kutoka katikati ya kifungo hadi kwenye tundu lake. Kwenye suruali, pima kiuno ikiwa imefungwa na uzidishe mara mbili, halafu pima mshono wa ndani wa mguu hadi chini.

Kipo kipimo kimoja ambacho wazee tunakisahau, nacho ni kina cha mbele, kutoka ukingo wa juu wa suruali hadi msambani. Hicho ndicho kinachoamua kama suruali itakaa juu ya tumbo au itateleza chini yake mchana kutwa hata ukaze mkanda. Suruali nyingi za vijana hukatwa kwa kina kifupi. Zile za mtindo wa zamani, zenye marinda mawili mbele na kiuno cha juu, bado hutoka kwa wingi katika mabelo, yaani marobota ya mitumba, na vijana hawazigombanii, jambo ambalo kwetu ni neema.

Lebo nayo isikutawale. Nguo za Marekani na Uingereza huandikwa kwa inchi, ilhali za bara la Ulaya huandikwa 48, 50, 52 na kuendelea. Kwa koti, ukitoa 10 unapata namba ya Kiingereza, hivyo koti la 50 ni sawa na la 40. Kola ya sentimita 41 ni takriban inchi 16. Koti lililoandikwa 40S halina maana ya koti dogo, bali koti la kifua cha 40 lenye urefu mfupi. R ni urefu wa kawaida na L ni refu. Hata ukizijua namba hizi, kumbuka kwamba nguo imekwisha kufuliwa mara nyingi na huenda imerudi na kuwa ndogo, na kwamba viwanda vingi huandika kiuno kidogo kuliko kilivyo, hivyo suruali ya 34 ikipimwa huweza kutoa 36.

Mwisho, jua mipaka ya fundi. Kupunguza kiuno au urefu ni kazi ndogo. Kuongeza kunategemea kitambaa kilichoachwa ndani: geuza suruali ya suti ndani nje, tazama mshono wa nyuma pale kiunoni, na mara nyingi utakuta ukingo wa ziada wa sentimita mbili au tatu kila upande, ambao ukifumuliwa hukupa nafasi ya kupumua. Mabega ya koti ni habari nyingine. Kuyarekebisha maana yake ni kufumua mikono na kuipachika upya, na ujira wake unaweza kuipita bei ya koti lenyewe. Koti lisilokaa mabegani liache lilipo.

Sokoni: Karume na masoko yanayofanana nalo

Ninaposema Karume nina maana ya soko la Mchikichini, Ilala, lakini mambo hayapishani sana na Memorial ya Moshi au Mlango Mmoja wa Mwanza. Humo ndani mna masoko mawili kwa kweli. Lipo la mnada, ambako kijana husimama juu ya meza akirusha nguo moja moja na kunadi, "Buku! Buku jero!", au huzimwaga zote juu ya turubai ili kila mtu ajichagulie. Na lipo la vibanda, ambako muuzaji amekwisha kuchambua na kutundika, na anakupa kigoda ukae.

*Mwili.* Hapa ndipo soko linapodai zaidi. Kuinama juu ya turubai kwa nusu saa, huku ukisukumwa na vijana wanaotaka kuuza tena walichookota, si kazi ya mtu mwenye magoti mabovu au presha. Vichochoro ni vyembamba na joto la saa sita halina huruma. Mwanga, kwa upande mwingine, ni bora kuliko kokote, kwa sababu ukitoka hatua mbili uko juani.

*Kipimo.* Chumba cha kubadilishia hakuna. Koti na shati unaweza kujaribu juu ya fulana, lakini suruali utaipima kwa futi kamba tu. Wapo wanaoizungusha suruali shingoni ili kukisia kiuno. Njia hiyo huenda ilimfaa mwenye mwili wa kijana, ila shingo na tumbo la mzee havina tena uhusiano wa kutegemewa.

*Ubora.* Hakuna mahali penye uchaguzi mpana kama sokoni, na hakuna mahali ambapo kizuri na kibovu vimelala pamoja kiasi hiki. Belo la kawaida lina uzito wa kilo 45, na asubuhi linapokatwa kamba, nguo za gredi ya kwanza huondoka ndani ya dakika chache kwa bei ya juu. Kule Gikomba, Nairobi, wenyewe huziita kamera. Zinazobaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda. Kukagua kuna utaratibu wake: mkunjo wa kola, kwapa, viwiko, msamba wa suruali, pembe za mifuko, kisha zipu uifunge na kuifungua mara tatu. Wakati mmoja niliokota shati la kitani la rangi ya mchanga, lisilo na doa mbele wala nyuma, vifungo vyote vipo. Nilipolinyanyua kuelekea jua niliviona vidole vyangu vyote vitano vikionekana kupitia mgongoni, chini kidogo ya kola. Kitambaa kilikuwa kimelika, na kufuliwa mara ya pili au ya tatu kungekipasua.

Walio rika langu wanakumbuka nguo hizi zilipoitwa "kafa ulaya", na jinsi mtu alivyozivaa kwa kificho kabla biashara haijafunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Aibu ile imekwisha, lakini imetuachia wengine tabia ya kununua harakaharaka bila kukagua, kana kwamba tunaogopa kuonekana. Simama. Geuza nguo ndani nje. Ni haki yako.

*Bei.* Ndiyo ya chini kuliko zote, hasa mnadani, hata ukijumlisha nauli ya daladala na ujira wa fundi. Vibandani bei hupanda, ila hujadiliwa, na kijana aliyekuamkia shikamoo hupata ugumu kukukazia sana.

*Marejesho.* Mnadani hakuna. Kibandani inategemea mazoea, na mazoea hayo yanahitaji namba ya simu: soko la Karume lilipoungua Januari 2022, niliwapoteza wauzaji wawili wa suruali waliokuwa wakinijua kwa miaka, kwa sababu tu sikuwa nimeandika namba zao.

Njia hii inamfaa mzee mwenye miguu imara na muda wa kutosha, anayefurahia kuchambua, na anayehitaji nguo kadhaa za kila siku.

Dukani: mitumba iliyochaguliwa

Maduka haya yametapakaa Kinondoni, Sinza, Mwenge na kwingineko. Mwenye duka huenda sokoni alfajiri, hununua gredi ya kwanza, huifua, huipiga pasi na kuitundika.

*Mwili.* Ni raha. Kuna kiti, feni, na nguo ziko usawa wa macho. *Kipimo.* Kuna kioo na pazia la kubadilishia, na kwa suruali hilo peke yake linaweza kuhalalisha tofauti ya bei. Jaribu ukiwa umekaa pia, si kusimama tu, kwa sababu suruali ya mzee humalizia sehemu kubwa ya siku ikiwa imekaliwa.

*Ubora.* Nguo mbovu kabisa hutazikuta, lakini pasi nzuri huficha mengi. Taa nyeupe za dukani pia zinadanganya rangi: bluu iliyokolea huonekana nyeusi, na kahawia huonekana kijivu. Omba kutoka na nguo hadi mlangoni. Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenye duka huchagulia vijana, kwa kuwa ndio wateja wake wengi; mashati hubana, suruali huishia juu ya kifundo cha mguu, na suruali ya marinda mawili huenda usiione kabisa. Mweleze unachotafuta. Wapo wanaokubali kukutafutia wanapokwenda tena sokoni, na hao ni wa kushikamana nao.

*Bei.* Ni ya juu, mara nyingine inakaribia ya nguo mpya za madukani Kariakoo, ingawa sufu na pamba halisi ya mtumba huweza kudumu kuliko nguo mpya ya bei hiyo. *Marejesho.* Wengi hubadilisha ndani ya siku moja au mbili kama nguo haijavaliwa. Uliza kabla ya kulipa.

Linamfaa anayetafuta nguo moja ya maana, kama koti au suti, na asiyeweza kusimama muda mrefu.

Mchuuzi anayekuja mlangoni

Huyu ndiye kijana anayepita ofisini, barazani na vijiweni akiwa na mashati begani na suruali mkononi. Vijana wa mtaani humwita tu machinga. Akishakuzoea atakuita mzee wangu, naye utamwita mwanangu, na biashara yenu itaendeshwa kwa lugha hiyo.

*Mwili.* Hautoki nyumbani. *Kipimo.* Hapa mchuuzi anazishinda njia nyingine zote kwa jambo moja: unaingia chumbani mwako, unavaa, unajitazama kwenye kioo chako, unamwuliza mama watoto, na hakuna anayekuharakisha. Akishakujua kiuno na kola, atakuletea za kipimo chako bila kutafuta.

*Ubora.* Ni wa wastani na unategemea jicho lake. Anabeba nguo chache, hivyo uchaguzi ni finyu, na mwezi mzima unaweza kupita bila kuletewa unachotaka. *Bei.* Iko katikati, kwa kuwa inabeba miguu yake na faida yake, lakini humlipi nauli, na wengi hukubali kulipwa kwa awamu hadi pensheni iingie. Andika deni kwenye daftari nyote mkiwapo. Nimeona urafiki wa miaka ukiharibika kwa sababu ya shati ambalo mmoja alidhani limelipwa.

*Marejesho.* Ni mepesi kuliko kokote, mradi awe mchuuzi anayerudi. Kwa mgeni anayepita mara moja, hesabu kwamba ukishalipa umemaliza. Kuna shinikizo moja la kulitaja kwa uzito: mtu akisimama mlangoni pako juani, akikusihi kwamba hajauza tangu asubuhi, moyo hukulainika ukanunua usichohitaji. Mpe maji, mpe nauli ukiweza, lakini shati lisilokutosha mrudishie.

Njia hii inamfaa mzee asiyetoka sana, mwenye mwili usiobadilika haraka, na asiye na haraka.

Kwa simu

Wauzaji huweka picha kwenye Instagram au kwenye makundi ya WhatsApp, mteja huchagua, na bodaboda huleta. Kwa walio mikoani, mzigo husafirishwa kwa basi.

*Mwili.* Hakuna usumbufu wowote, isipokuwa macho, na hapo mjukuu husaidia. *Kipimo.* Huwezi kujaribu, ila unaweza kudai namba. Usiulize, "Inanitosha?" Uliza, "Kwapa hadi kwapa ni inchi ngapi?" na umwombe apige picha futi kamba ikiwa juu ya nguo. Muuzaji makini atafanya hivyo bila kinyongo, na asiyetaka amekwisha kukujibu.

*Ubora.* Picha haionyeshi kitambaa kilicholika wala harufu. Niliwahi kuagiza koti jeusi la kuvaa msibani, likaja jioni, na asubuhi nilipotoka nalo nje nikaona ni bluu iliyokolea. Kando ya suruali nyeusi, tofauti ilionekana hata kwa aliyekaa mbali. Muuzaji hakuwa amenidanganya. Alipiga picha usiku, chini ya taa. Tangu siku ile naomba picha ya mchana, ya lebo ya kitambaa, ya kola kwa ndani na ya msamba.

*Bei.* Hukaribia ya dukani, na ukiongeza ya bodaboda huweza kuipita. *Marejesho.* Ni magumu, na usafiri wa kurudisha huwa juu yako. Kwa muuzaji usiyemjua, kubali kulipa mzigo ukifika, baada ya kuufungua mbele ya aliyeuleta. Anayesisitiza utume fedha zote kwanza, mwache.

Kwa simu kunawafaa wenye miili isiyo ya kawaida, warefu sana au wanene sana, ambao sokoni wangezunguka siku nzima bila kukuta cha kuwatosha, na walio mbali na miji mikubwa.

Kwa hali yako

Ikiwa umestaafu karibuni, miguu ina nguvu, na unataka kubadilisha nguo za kila siku kwa fedha kidogo, nenda sokoni siku ya katikati ya wiki, mwendo wa saa tatu hadi saa tano asubuhi, wakati mwanga ni mzuri, bei imeanza kushuka na msongamano bado si mkubwa. Anzia vibandani. Mnada uwe wa mashati tu, kwa sababu shati lina nafasi ya kusamehe kipimo na suruali haina.

Ikiwa binti anaolewa na unahitaji suti, nenda dukani angalau wiki tatu kabla, ili fundi apate muda wa kukata miguu ya suruali na kupunguza mikono. Nunua koti na suruali vikiwa vimetoka pamoja, uvitazame nje mchana, na ukumbuke kwamba suti nyingi zilishonwa kwa ajili ya baridi: ikiwa sherehe ni Dar es Salaam mwezi Februari, chagua sufu nyepesi yenye bitana nusu, la sivyo jasho litakutoa ukumbini.

Ikiwa magoti yanauma, au umetoka kufanyiwa upasuaji wa macho, mtafute mchuuzi mmoja mwaminifu mtaani, umpe vipimo vyako vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi, na umwachie muda.

Ikiwa ni nguo za ndani, hakuna njia hata moja kati ya hizi nne. Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na kwa ngozi ya mzee ambayo hupona polepole, nanunua mpya hata kama fedha ni chache. Mitumba mingine inayofulika iloweke, ifue kwa sabuni, ianike juani na kuipiga pasi ya moto kabla haijagusa mwili.

Na ikiwa umepungua uzito kwa sababu ya maradhi na mwili bado haujatulia, usijaze kabati sasa. Suruali mbili kutoka kwa mchuuzi zinatosha, zenye ule ukingo wa ziada kwenye mshono wa nyuma, na fundi asiukate anapopunguza kiuno. Aukunje tu kwa ndani, ili mwili ukirudi, suruali nayo ifumuliwe.